Korona Iliyobaki na Kamba ya Mama Mkwe

Kama umeambiwa vipimo vyako vyote havina tatizo na bado huwezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka jikoni, haya nayaandika kwa ajili yako. Kama wewe ni mzima, soma pia. Inawezekana kabisa wewe ndiye uliyemwita mwenzako mvivu.

Naitwa Zuhura, mama Nasma. Nimezaliwa Nachingwea mjini, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa Chinongwe, upande wa Ruangwa, kwa wakulima wa korosho na ufuta. Jembe nalijua tangu mtoto, kwa mama yangu tulilima karanga na mihogo. Nalisema mapema kwa sababu katika mwaka ule wote hakuna kilichoniuma kama kuambiwa msichana wa mjini haliwezi jembe.

Ilianza msimu wa salfa. Salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho ili maua yasishikwe na ukungu, na wakati wake kila mtu hapa anakohoa kidogo. Kwa hiyo mume wangu Selemani alipokohoa, tukasema salfa. Mama yake alipokohoa, tukasema salfa. Nilipokohoa mimi mpaka mbavu zikauma, nikaletewa maziwa, maana kwetu mtu aliyevuta salfa hunyweshwa maziwa. Nilikunywa maziwa siku nne mfululizo na homa juu. Korona tuliisikia redioni, lakini ilikuwa ya watu wa Dar, ya watu wanaopanda ndege. Sisi tulikuwa na salfa yetu.

Siku ya tano Selemani alirudi shambani mwili mzima wa njano, akasimama mlangoni.

"Leo hukupulizia?" nikamuuliza.

"Wewe huoni? Nanuka mpaka nyuki wananikimbia."

Sikusikia harufu. Nikachukua shati lake nikalibana puani. Hakuna kitu. Nikaenda jikoni nikanusa kitunguu, nikanusa mafuta ya taa. Hakuna. Nilikuwa kama mtu anayegonga nyumba na wenyewe wamehama. Selemani akasema ni mafua tu, yatapita.

Tulijifukiza kwa mwarobaini na mchaichai, wote watatu chini ya blanketi moja kwa zamu. Baada ya wiki mbili wao walikuwa wazima. Mimi homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, ila mwenyewe sikurudi.

Nikiinama kufagia, moyo unapiga kama nimekimbizwa. Nikisimama bombani kungojea zamu, miguu inatetemeka, nakaa juu ya ndoo yangu kama bibi kizee. Nywele zilitoka na kitana, nikawa nazifukia nyuma ya choo ili mtu asizione. Kichwa kilijaa pamba. Siku moja Nasma, ambaye hakuwa hata amefika miaka minne, aliniambia, "Mama, umeshatia chumvi." Nikabisha. Nikatia tena. Mchuzi ukamwagiwa kuku, na kuku wenyewe wakauacha.

Nikaenda zahanati. Sitaitaja, maana nimeshasamehe kidogo. Benchi lake nalijua kuliko kitanda changu. Ni mbao tatu, ya katikati imelegea, ukikaa vibaya inakufinya. Nilipima malaria, nikaambiwa ipo kidogo. Nikameza. Nikarudi, nikaambiwa UTI. Nikameza. Nikarudi, nikaambiwa taifodi. Nikameza. Nilipimwa UKIMWI mara mbili, na majirani waliponiona nimeingia chumba kile wakapata cha kuzungumza wiki nzima. Sina. Nilipimwa makohozi, kifua kikuu hakuna. Sukari hakuna. Mara ya mwisho yule bwana hakuninyanyulia hata macho.

"Mama, wewe huna ugonjwa. Una mawazo. Mumeo anakupiga?"

"Hapana," nikamwambia. "Ananinyamazia."

Akaandika kitu, sijui nini, akaita, "Anayefuata!" Nilitoka pale nalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni alinikatia nusu ya muhogo wake wa kuchemsha akasema, "Kula dada, hasira na njaa havikai tumbo moja." Simjui jina mpaka leo. Muhogo ule sikusikia ladha yake, lakini nausikia sasa.

Basi wakati wa kuokota korosho ulipofika, pua ikarudi. Ingekuwa heri isingerudi vile. Kila kitu kilinuka kama mpira unaoungua. Chai, sabuni, kitunguu kikikaangwa. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo kipindi kile yanajaza kijiji kizima harufu tamu, kwangu yalikuwa mzoga. Na mume wangu, jamani, Mungu anisamehe, mume wangu alininukia kuliko vyote. Akiingia ndani natoka. Akilala nageukia ukuta, nimeziba pua na khanga.

Mama mkwe akaona. Kijiji kizima kinamwita Bibi Nasma tangu nimzae mwanangu. Ni mwembamba, ana sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde, na hakuna linalompita.

"Mama Nasma," akaniambia siku hiyo, amekuja mpaka jikoni, uso umemlainika. "Umemchukia mwenzio?"

"Simchukii mama. Ananinukia."

Akapiga kigelegele. Kwetu mwanamke akimchukia mumewe ghafla, anatapika akisikia vitunguu, anachoka bila kazi, nani atauliza mara ya pili? Nilimwambia sina mimba, siku zangu naziona. Akasema wengine huziona hata wakiwa nayo. Nikaambiwa nisiokote korosho, nisiiname. Nikaletewa ming'oko, ile mizizi inayoliwa kama viazi, imechemshwa na pilipili, yeye mwenyewe ameichimba porini kwa mikono yake. Nitasema ukweli wote: nilichoka kubisha. Miezi miwili ile nililala bila kusemwa, na nikaacha aamini anavyotaka. Hilo ni kosa langu na simtwishi mwingine.

Mvua za kwanza zikanyesha na tumbo langu likabaki bapa kama sahani.

Ndipo uso ukageuka. Mchana mmoja aliniuliza mbele ya Selemani, "Mjukuu wangu umempeleka wapi?" Sikuelewa. Aliporudia nikaelewa: alidhani nimeitoa mimba. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akaendelea kuchonga.

Hapa lazima niwaeleze kazi zetu zinavyokwenda. Wakati wa kulima, wanawake tisa tunazunguka, leo shamba la huyu, baada ya siku kadhaa shamba la yule. Shamba linakatwa ngwe, yaani kila mtu anapimiwa kipande chake, na ngwe yako ni yako. Ukimaliza unakaa pembeni unakunywa uji, usipomaliza wenzako wanakumalizia, na wanakumalizia kwa nyimbo. Anayepima ni mama mkwe wangu. Hajui kusoma, lakini ana kamba yake ya katani, na kamba hiyo ndiyo daftari la kikundi. Kila siku ya ngwe anachomeka kwenye kamba kitambaa chekundu cha khanga iliyochakaa. Mtu akisema zamu yake imerukwa, kamba inaletwa, ugomvi unakwisha. Watu wanasema kamba ya Bibi Nasma haijawahi kusema uongo.

Nililima. Nani angekaa ndani baada ya kuambiwa neno lile? Ngwe ya kwanza nilimaliza wa nne. Nilikuwa naona nyota, lakini nilimaliza, na kesho yake niliamka nikachota maji, nikajisemea kumbe ilikuwa kukosa mazoezi. Siku ya tatu sikuweza kuinua mkono kujifunika. Mwili wote ulikuwa kama umetwangwa, koo limevimba, mwanga unaniuma macho. Siku tatu nzima. Nikapata nafuu, ngwe nyingine ikafika, nikaenda, nikamaliza kwa ubishi. Siku ya tatu, chini. Mama Twalibu, ambaye ulimi wake ungeweza kulima peke yake, akatunga kawimbo: ngwe ya mjini ina kivuli, mwenyewe hulala kwa zamu. Wote wakaitikia. Mimi mwenyewe niliitikia, nifanyeje.

Sikujua kwamba mama mkwe alikuwa na kamba ya pili. Hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu. Nikiwa nimeamka, anafunga fundo dogo. Nikiwa nimelala, anafunga fundo kubwa, la mara mbili. Na siku ya ngwe, kitambaa chekundu, kama kawaida yake. Alifunga hivyo mvua zote.

Mvua zilipopungua akaitisha kikao cha ndugu. Mjomba wangu Ausi aliletwa kutoka Nachingwea kwa bodaboda, kwa sababu kwetu mjomba ndiye anayesimama na mtoto wa dada yake. Alifika amejaa vumbi, anauliza kama chakula kipo. Tulikaa ukumbini. Mama mkwe akaitoa kamba, ndefu kuliko mimi, akaitandaza mkekani.

"Sina maneno mengi," akasema. "Mafundo makubwa ni siku alizolala mtoto wenu. Hesabuni. Mwanangu hawezi kuishi na mwanamke wa kulala. Arudi kwao apumzike vizuri. Mtoto abaki hapa. Mtu asiyeweza kujibeba mwenyewe atambebaje mtoto?"

Hapo ndipo aliponipata. Talaka ningeibeba, wangapi wameibeba. Lakini Nasma alikuwa amekaa mlangoni anachezea ile ncha ya kamba, anahesabu mafundo kwa kidole, "moja, mbili, mbili, mbili," hajui ni nini anachokihesabu. Nikamtazama Selemani. Nilimwambia mbele ya wote, "Wewe sema. Sema lolote."

Akasema, "Mimi sielewi anaumwa nini."

Miezi yote ile, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli lililotoka kinywani mwake. Nilimkasirikia, lakini baadaye nilikiri kwamba hata mimi nilikuwa sielewi. Ugonjwa usio na jina huwezi kuutetea kwenye kikao.

Mjomba Ausi akajikohoza. Yeye si mtu wa busara nyingi, ni mtu wa mabishano. "Sikilizeni. Mlimchukua mzima. Mkimrudisha mbovu, nataka cheti cha kusema ameharibikia wapi. Kesho anakwenda hospitali kubwa, Ruangwa. Akionekana mvivu, nitamchukua mwenyewe kwa miguu yangu."

Nikainama nikaikwapua ile kamba mkekani. "Na hii nakwenda nayo. Nataka daktari aone ninavyohesabiwa kama mbuzi."

"Kamba yangu!" mama mkwe akaruka. "Utaikata, utafungua mafundo!"

"Basi njoo uilinde."

Akaja. Nawaambia ukweli, mwanamke yule alikuja hospitali kwa ajili ya kamba. Bodaboda mbili, mjomba mbele, mimi na yeye nyuma kwenye moja, kamba ameivaa shingoni, na njia nzima hatukusemeshana.

Benchi la hospitali lilikuwa la saruji, baridi, zuri. Tulikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kuna kungojea kwa namna nyingi, na huko kulikuwa kwa namna mbaya kuliko zote, kwa sababu ukiitwa jina lako ndipo utajua kama una mtoto au huna. Niliwaza, wakinikuta na saratani nitashukuru. Uone nilipofika. Nilikuwa naomba ugonjwa mkubwa ili niaminiwe. Mzee mmoja aliyeniona nimeegemea ukuta alisogea akanipisha nilale nusu benchi, akaweka koti lake chini ya kichwa changu. Mama mkwe alitazama, akatazama pembeni.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wangu au chini, sauti ya chini. Aliniuliza yaliyoanza kabla ya yote. Nikamweleza salfa, maziwa, pua. Akaandika. Akaniuliza ninachoka vipi. Nikashindwa kusema, pamba imejaa kichwani, maneno yananipotea. Nikamnyooshea kidole mama mkwe. "Muulize huyo. Amefunga kila siku yangu."

Daktari akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akaiona. Akaishika kwa mikono miwili. "Mama, wewe ndiye uliyefunga? Nisomee."

Mama mkwe akakaa sawa. Alikuwa amesubiri kusikilizwa na mtu wa serikali maisha yake yote. Akaanza, kidole juu ya kamba, sauti ile ya ng'ambo ya bonde.

"Hapa, ngwe kwa Mama Twalibu. Hapa kaamka, kachota maji, anajidai. Hapa kalala. Kalala. Kalala. Haya, hapa kaamka. Kaamka. Kaamka. Hapa ngwe kwa Bi Somoe. Kaamka. Kalala. Kalala. Kalala, hii nakumbuka tulikuwa na wageni, aibu tupu. Kaamka. Kaamka. Hapa ngwe kwetu..."

"Endelea."

"Kaamka. Kalala. Kalala."

"Hapa je, kuna mafundo madogo mengi?"

"Hapo mvua ilizidi, hatukulima wiki mbili. Kaamka, kaamka, kaamka..." Kidole kikapunguza mwendo. "Kaamka." Akarudi nyuma kwenye kitambaa chekundu, akahesabu tena kimyakimya, midomo inacheza. Akaruka kwenye kitambaa kingine. Akahesabu.

"Vipi, mama?" daktari akamuuliza taratibu.

"Mbona kila mara ni siku ya tatu?"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mvivu," mama mkwe akasema, na sasa hakuwa anamwambia daktari, "mvivu analala kabla ya kazi. Huyu analala baadaye."

Mjomba Ausi, ambaye hakutakiwa hata kuwa mle ndani, akasema, "Eee!" kwa sauti kubwa, muuguzi akachungulia.

Daktari alinipima upya. Damu, moyo, kifua kwa picha, nikipanda ngazi na kushuka na kidude cha kupima hewa ya damu kidoleni. Hakukimbilia kunipa jina mpaka alipoona hakuna kingine kilichojificha, na nawe msomaji usikubali jina kabla ya hapo, maana uchovu una wazazi wengi. Kisha akanieleza kwa maneno niliyomwomba ayaandike, nami ninayo mpaka leo. Alisema korona ikiondoka, kwa watu wengine inaacha madhara ya muda mrefu. Alisema wanaita hivyo pale ambapo imepita kama miezi mitatu tangu uugue, dalili bado zipo au zimeibuka upya, zimekaa miezi miwili au zaidi, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kuchoka, kukosa pumzi, kusahau, pua kuharibika. Wengine, alisema, wakijitutumua hulipwa siku moja au mbili baadaye, kama mimi.

"Lakini sikupimwa korona," nikasema.

"Hukupimwa. Lakini nyumba nzima ilikohoa na wewe ukapoteza pua. Sihitaji salfa kulieleza hilo."

"Kwa hiyo siyo mawazo?"

"Siyo mawazo. Mawazo utakuwa nayo, nani asingekuwa nayo. Lakini hayo yamekuja nyuma."

Nililia mpaka kamasi. Mama mkwe alitoa khanga yake ya juu akanipa bila kunitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, sikuziba pua.

Dawa hakunipa. Nilimkasirikia na yeye, nimetoka Chinongwe kote huko nirudi mikono mitupu? Alichonipa ni kazi ngumu kuliko kulima: kupumzika kabla sijachoka. Fanya nusu ya unachodhani unaweza. Keti ukimenya muhogo. Ukijisikia vizuri, hapo ndipo uogope, kwa sababu hapo ndipo utajiharibu. Na pua ifundishwe kama mtoto, kila asubuhi na jioni unuse vitu vinne, taratibu, ukikumbuka vilivyokuwa vinanuka zamani. Nilichagua karafuu, limao, tangawizi na majani ya mchaichai. Hakuniambia nitapona lini. Nilimheshimu kwa hilo.

Kikao hakikurudiwa. Hakuna aliyesema kimefutwa, watu wa kwetu hawafuti kikao, wanaacha kukitaja. Mjomba Ausi alikula kuku wa watu, akapanda bodaboda akarudi Nachingwea akiwa ameshinda kesi.

Kuvuna ufuta kulinipita nikiwa nimekaa kivulini napepeta kidogo kidogo. Selemani alianza kuchota maji kwa baiskeli, madumu manne, na wanaume wenzake wakamwita "mke wa Zuhura." Alinyamaza, na safari hii ukimya wake ulinifaa. Bado nina hasira naye. Nimemwambia, anajua, inapungua kwa kasi ile ile ya miguu yangu kupata nguvu. Nasma ndiye aliyekuwa mwalimu wa pua. "Mama, nusa," na karafuu zimeshalowa jasho la kiganja chake. "Nini hii?" Miezi minne nikamjibu moshi, moshi, moshi. Kisha msimu wa salfa ukarudi, Selemani akaingia ndani wa njano, nami nikapiga kelele, "Toka! Unanuka salfa!"

Alisimama pale anacheka kama mjinga. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kufurahia uvundo namna ile.

Mvua za mwaka uliofuata, kikundi kilipofika shambani kwetu, nilikuwa nimekwenda kukaa tu, kuchemsha uji. Mama mkwe akapima ngwe za wenzangu, kamba inapita, kijiti kinasimikwa. Alipomaliza nane, akanitazama. "Wewe jembe lako liko wapi?"

"Mama, daktari..."

"Nimekuuliza jembe."

Nikalileta. Akanyoosha kamba, akatembea, na katikati ya njia akasimama, akasimika kijiti. Kipande kilikuwa nusu ya cha wengine. Kila mtu aliona.

"Bibi Nasma," Mama Twalibu akaita, "kamba imekatika?"

"Kamba nzima. Nimempima mtu."

"Na nusu iliyobaki analima nani?"

"Ninalima mimi. Na wewe ukitaka kuimba, imba, ila imba huku unalima, maana ngwe yako ina magugu mpaka kiunoni."

Walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nililima taratibu, nikipumzika kila mistari mitatu, hata pale nilipojisikia naweza. Tulikutana kwenye kijiti, yeye akitoka upande wake na mimi wangu. Hakusema samahani. Hajasema mpaka leo na nimeacha kuingojea.

Lakini siku ya tatu niliiogopa. Wewe unayeumwa utanielewa. Kesho yake nilikuwa mzima, na hilo halikunidanganya tena. Asubuhi ya tatu nilifungua macho na sikujitingisha. Nikapeleleza mwili wangu kipande kwa kipande kama mtu anayeingia nyumba iliyoibiwa. Koo, sawa. Macho, sawa. Nikainua mkono. Ukainuka. Nikakaa. Nikaweka miguu chini.

Nje nikasikia ndara zake zikija, zikasimama mlangoni.

"Mama Nasma!"

"Bee, mama."

"Umeamka?"

Nikafungua mlango. Alikuwa amesimama na ile kamba yangu mkononi, macho yananikagua kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Nilimsikia harufu yake, moshi na mchaichai, kama anavyonuka kweli.

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaitazama kamba, akaitazama ncha yake, kisha akanipa. "Haya. Funga mwenyewe."

Nikafunga fundo dogo.